Muhogo Mchungu: Mgeni Anapochekwa Mjini

Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Hata akijibanza katikati ya kuku mia, jicho la mwewe humwona yeye kwanza. Wakasema pia kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wiki hii, ndugu wasomaji, ningependa tumzungumzie kuku huyo kwa kupitia filamu moja ya zamani ya kuchekesha, ambayo vijana wetu wengi hawaijui hata kwa jina. Filamu hiyo ni Muhogo Mchungu, iliyotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwigizaji wake mkuu alikuja kuwa mtu mkubwa katika historia ya Afrika Mashariki, na mji wetu wa Mbarara umo katika historia hiyo. Ya pili ni kwamba jambo walilolichekea watu katika filamu ile, yaani vituko vya mtu wa shamba aliyeingia mjini, linatendeka hapa kwetu kila uchao, baina ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na kituo cha mabasi cha Mbarara. Linatendeka, na watu wanacheka. Basi tujiulize: kicheko hicho ni cha namna gani, na kinamfaa nani?

SINEMA ILIYOKUJA KWA GARI

Wazee wetu wanaikumbuka sinema ya gari. Jioni gari la serikali liliingia kijijini, likasimama kando ya kiwanja cha mpira. Shuka jeupe lilitundikwa juu ya miti miwili, mashine ya umeme ikaanza kunguruma, na watu wakatandika mikeka na kanga chini. Watoto waliokosa nafasi mbele walizunguka nyuma ya shuka, wakaitazama picha ikiwa imegeuka, wa kulia yuko kushoto. Hapakuwa na kiingilio. Aghalabu yalitangulia mafunzo ya afya na kilimo, ndipo kikaja kichekesho ambacho kila mtu alikuwa akikisubiri.

Kazi hiyo ilikuwa na asili yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwapo mradi wa kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika. Kiongozi wake alikuwa Meja Notcutt, Mwingereza. Filamu zile hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyinginezo, na fundi wa mashine alipaswa kuiendesha santuri sambamba na picha. Santuri ikiruka, mtu alifungua kinywa na maneno ya mwenziwe yakatoka! Filamu hizo zilizungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine za kusini. Mojawapo ilihusu wafanyakazi wawili waliopokea mshahara. Mmoja alizifukia fedha zake ardhini, mwizi akazifukua. Mwenzake aliziweka katika benki ya posta, zikasalimika.

Mwaka 1939, Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Serikali ya Uingereza iliunda kitengo maalumu cha filamu kwa ajili ya makoloni yake. Mkuu wake, William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya huko Nigeria, alishika imani moja kwa nguvu: kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa imani hiyo picha zilitengenezwa polepole mno, jambo moja baada ya jingine, kama mtu anayemlisha mtoto uji kwa kijiko.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Tanganyika ilijaribu njia nyingine. Ilishirikiana na kampuni kutoka Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi, zenye waigizaji Waafrika wanaosema Kiswahili. Katika jaribio hilo zilipatikana Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na Wageni Wema. Ingawa nia ya kufundisha haikuachwa, safari hii funzo lilivikwa joho la hadithi, na mtazamaji akasikia lugha yake mwenyewe ikitoka katika kinywa cha mtu anayefanana naye. Hilo lilikuwa jambo geni kabisa.

KISA CHA MTU WA SHAMBA

Muhogo Mchungu ni kichekesho cha mtu wa shamba aliyekwenda Dar es Salaam, na yaliyomsibu mjini. Kisa cha namna hiyo ni cha zamani kuliko sinema yenyewe. Bibi zetu walikisimulia chenye sungura na fisi. Mwaka 1949, huko Afrika Kusini, ilitoka filamu iliyoitwa Jim Comes to Jo'burg, ambayo ndani yake kijana anatoka kijijini, anafika Johannesburg, na kabla hajaizoea hewa ya mji amekwisha kunyang'anywa alichonacho. Tofauti ni kwamba Jim mwishowe alipata riziki kwa kuimba.

Kwa nini kisa hiki huchekesha kila mahali? Nadhani ni kwa sababu mtazamaji anajua asilolijua mhusika. Tunamwona tapeli akikonyeza jicho, ilhali yule mgeni anatabasamu na kumshukuru. Tunataka kumpigia kelele, "Ndugu, kimbia!" lakini shuka halisikii. Basi badala ya kupiga kelele tunacheka. Kicheko hicho kina utamu wake, kwani kwa muda mfupi kila mmoja wetu anajiona mwerevu. Mtu ambaye jana alipotea njia sokoni, leo amekaa juu ya mkeka anamcheka mwingine aliyepotea.

Na funzo lililokusudiwa katika visa vya aina hii, zama zile za ukoloni, mara nyingi lilikuwa moja. Serikali haikupenda vijana waache mashamba na kurundikana mjini. Hivyo mji ulionyeshwa kuwa shimo la wezi na walevi, na dawa ya maradhi ya mji ikawa ni moja tu: rudi kijijini, ushike jembe. Naomba tuliweke neno hilo akilini, kwa maana tutalihitaji tutakapofika Nakivale.

MWIGIZAJI ALIYEKUWA WAZIRI MKUU

Mwigizaji mkuu wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana mtumishi wa serikali aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Alizaliwa mwaka 1926 katika sehemu za Songea, kusini mwa Tanganyika, akasoma Tabora, kisha akaajiriwa katika idara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Huko ndiko alikokutana na kamera.

Maisha yake baada ya hapo yanajulikana. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, yeye alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwezi Januari 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama cha TANU, aliyeshika nafasi hiyo alikuwa Kawawa. Mwaka 1964 akawa Makamu wa Pili wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mwaka 1967 ndiye aliyetoa agizo kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Alirudi tena kuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1972 hadi 1977, na kutoka hapo hadi mwaka 1980 akawa Waziri wa Ulinzi. Watu walimwita Simba wa Vita. Alifariki dunia tarehe 31 Desemba 2009.

Askari wanaousoma ukurasa huu wameshaona ninakoelekea. Waziri wa Ulinzi wa Tanzania katika vita vya mwaka 1978 na 1979 alikuwa ni yule yule mwigizaji wa kichekesho. Mwezi Februari 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa wakiupinga utawala wa Idi Amin waliuteka mji wa Mbarara, na mji ukaumia vibaya katika siku zile. Je, ni wangapi kati ya wanajeshi wale walijua kwamba mkubwa wao wa wizara aliwahi kuchekwa na umati uliokaa chini ya nyota, akiwa mwigizaji wa sinema ya gari?

Sisemi hayo kwa ajili ya mshangao tu. Nataka tuone kwamba mtu mzima mwenye heshima zake anaweza kukubali kuchekwa ili wenzake wajifunze, na heshima yake isipungue hata chembe. Kawawa alichekwa kwa hiari yake, kazini. Mgeni wa Mbarara hakuombwa hiari, na akichekwa hapati kitu.

KUKU ALIYEONEKANA

Kabla hatujaliacha jambo la sinema, nina kisa kingine kifupi, nacho kinamhusu kuku halisi. John Wilson, mtaalamu kutoka London, alisimulia jinsi watu wa kijiji kimoja cha Afrika walivyoonyeshwa filamu ya dakika chache tu. Ndani yake bwana afya alikuwa akifundisha namna ya kuondoa maji yaliyotuama katika makopo na madimbwi, ili mbu wasizaliane. Picha zilikuwa za polepole kama desturi ilivyotaka. Ilipomalizika watazamaji wakaulizwa, "Mmeona nini?" Wakajibu, "Tumeona kuku."

Waliotengeneza filamu walishangaa. Kuku gani? Wao hawakujua kama katika filamu yao mna kuku. Ikabidi waipitie picha moja baada ya nyingine, na hakika wakamkuta: kuku aliyeruka katika pembe ya picha kwa muda wa sekunde moja hivi.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kuwa ushahidi kwamba wanakijiji hawakuelewa sinema. Mimi niliyesomea ualimu nakisoma kinyume. Wanakijiji waliulizwa walichokiona, wakasema kweli. Kuku alikuwamo. Walioshindwa kumwona ni mabwana wenye filamu, kwa sababu walikuwa wameshaamua mapema ni kipi cha kutazamwa. Mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya darasa anakijua kisa hiki kwa uzoefu: unafundisha hili, mtoto anashika lile, na pengine alilolishika yeye ndilo lenye maana.

Tuichukue basi Muhogo Mchungu, tuitazame kwa jicho la wale wanakijiji. Wakubwa wanasema, tazameni mshamba alivyo mjinga. Sisi tumtafute kuku. Yuko wapi katika picha? Yuko pembeni: ni tapeli. Huyo ndiye atendaye uovu, na huyo ndiye ambaye kicheko chetu kinampita bila kumgusa.

KUTOKA NAKIVALE HADI MBARARA

Makazi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, kandokando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa hiyo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika. Leo wanaishi humo watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na Sudan Kusini, jumla yao wakiwa zaidi ya laki moja na nusu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi. Ndiyo maana kila siku magari yanatoka Base Camp, Juru na Rubondo yakiwa na mahindi, maharagwe na watu, yakielekea Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020.

Mama mmoja wa Nakivale, mzaliwa wa Kivu, alinisimulia safari yake. Aliuza maharagwe yake ya msimu, akafunga fedha katika pindo la kitenge, akaja Mbarara kununua cherehani. Karibu na kituo cha mabasi kijana mmoja aliyekuwa akitembea mbele yake aliokota burungutu lililofungwa kwa mpira. "Mama," akanong'ona, "Mungu katuona wote wawili. Twende pembeni tugawane." Hawajafika pembeni akatokea wa pili, anahema, anadai ameangusha fedha za tajiri wake. Akataka kuwapekua wote. Yule kijana wa kwanza akawa wa kwanza kutoa fedha zake zihesabiwe, akamwambia mama, "Mpe naye aone, sisi si wezi." Mama akatoa. Fedha zikahesabiwa, zikafungwa, zikarudishwa. Alipofungua pindo dukani, alikuta karatasi zilizokatwa.

Huo ni ulaghai wa kale, na miji yote ya Afrika Mashariki inaujua. Tena angalieni ulivyosukwa: haukuitumia tamaa ya mama peke yake. Uliutumia pia uaminifu wake, kwani alitoa fedha zake ili aonyeshe kwamba yeye si mwizi.

Lakini lililoniuma zaidi ni lile lililofuata. Mama alikwenda katika kituo kimoja kutoa taarifa. Alipofungua kinywa kwa Kiswahili cha kwao, akasema, "Bameniibia feza zangu," mtu mmoja aliyekuwa kaunta akamwiga, "Bameniibia!" na waliokuwapo wote wakaangua kicheko. Akaulizwa kwa nini aligawana fedha za kuokota. Akaulizwa kama huko kwao hakuna wezi. Hakuandika maelezo. Aliinuka, akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka, akapanda gari la kurudi, na kwa muda mrefu hakumwambia mtu yeyote, hata mumewe, ila kwamba cherehani hazikupatikana. Katika kipindi hicho jirani yake alikwenda mjini na maharagwe yake, naye akakutana na burungutu.

Hapo ndipo penye uzito wa maneno yangu yote. Mtaji mkubwa wa tapeli si burungutu la karatasi, bali ni aibu ya aliyetapeliwa. Tapeli anajua kwamba mtu huyu hatasema. Na asiposema, hatatafutwa mtu. Na asipotafutwa mtu, kesho atasimama pale pale. Kila anayemcheka aliyeibiwa anaujaza mtaji huo bila ya kulipwa hata senti. Polisi wengi wa mji huu hufanya kazi yao kwa moyo, nami nawafahamu baadhi yao. Lakini kicheko kimoja kwenye kaunta huweza kuharibu kazi ya doria ya wiki nzima.

Sasa lile neno nililoomba tuliweke akilini. Visa vya zamani vilimwambia mtu wa shamba: mji ni mbaya, rudi kwenu. Mama huyu arudi wapi? Kwao ndiko alikokimbia mtutu wa bunduki. Nakivale ndiko kwao kwa sasa, na Mbarara ndilo soko lake. Jawabu la wakoloni halimfai, na kwa hakika halimfai mtu yeyote siku hizi, kwa maana sote twaishi kwa kwenda na kurudi. Ikiwa mgeni hawezi kurudi alikotoka, basi mzigo unabaki kwa wenyeji: mji ndio unaopaswa kujirekebisha.

SISI NASI NI WAGENI

Isitoshe, ni nani kati yetu asiye mgeni? Familia ya askari huishi kwa uhamisho. Leo mko Gulu, kesho barua inatoka, mnafunga magodoro, mnajikuta Mbarara ambako hujui bei ya ndizi wala njia ya hospitali. Mtoto wako anaingia shule mpya katikati ya muhula. Anasema neno moja kwa lafudhi ya kaskazini, darasa zima linacheka. Jioni anarudi nyumbani anasema kichwa kinamuuma, hataki kwenda shule. Mama wa askari aliyeyaona hayo anamwelewa mama wa Nakivale bila ya mkalimani.

Na lugha yetu hii ya Kiswahili, hapa Uganda, nayo imekuwa mgeni wa muda mrefu. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi waliisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, ikiamrisha na kutisha. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mema. Lakini lugha haiingii moyoni kwa amri. Huingia kwa hadithi na mzaha wa jioni. Mtoto akisikia Kiswahili kikimchekesha, atakipenda. Akisikia kikimcheka, atakikimbia. Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura, cha kambini na cha Dar es Salaam ni ndugu wa tumbo moja, na mwenye kumcheka mwenziwe kwa kusema "ba" badala ya "wa" amejipunguzia ndugu.

Kicheko sikikatazi. Nyumba isiyo na kicheko ni ghala tu. Katika vibanda vya video, Nakivale na Mbarara, mfasiri wa filamu hushika kipaza sauti, akaichukua picha ya Marekani au ya Uhindi, akamgeuza mwenye bastola kuwa mnunuzi wa mbuzi, na watu wakacheka hadi machozi. Hiyo ni sanaa, nami naipenda. Ninachoomba ni kwamba tuangalie kidole chetu kinamwelekea nani tunapocheka. Tumcheke tapeli anayevaa tai kwa fedha za mjane. Tujicheke sisi wenyewe tunaojifanya wenyeji, ilhali tulifika juzi.

Kwa vitendo, basi, ndugu wasomaji, nashauri hivi. Kwanza, ukipokea mgeni nyumbani, jioni ile ile mweleze hila za mjini kwa upole, kama unavyomwonyesha kisima kilipo: burungutu la kuokota, simu ya mtu anayedai ametuma fedha kwako kimakosa, kijana anayekuchukulia mzigo bila kuombwa. Pili, mfundishe kutoweka fedha zote mahali pamoja, na kutozihesabu mbele ya mtu asiyemjua, hata mtu huyo akiapa kwa vitabu vyote. Tatu, mtu akikujia amekwisha kuibiwa, mpe maji ya kunywa kabla hujampa maswali. Nne, kwa ndugu zetu wa kaunta: andika kwanza. Jina, saa, mahali, sura ya mtu, maneno aliyoyatumia. Swali la "kwa nini ulikubali" linaweza kusubiri, na pengine halina haja kabisa. Tano, wazazi wa kambini, mtoto akirudi anaigiza kwa dhihaka lafudhi ya mwenzake, msicheke naye. Mwambieni amwalike mwenzake huyo aje kula.

MUHOGO WENYEWE

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa nyumbani, haitafaa nikiuacha muhogo bila ya kuuzungumzia. Wengi hudhani kwamba muhogo mchungu ni muhogo mbaya. Sivyo. Wakulima wengi huupanda kwa makusudi, kwa sababu wanyama waharibifu na wezi wa mashambani hawaukimbilii kama ule mtamu. Uchungu wake hutokana na sumu ya sianidi, na sumu hiyo huondoka kwa maji, kwa jua na kwa subira.

Menyeni mihogo, muiloweke katika maji kwa muda wa siku tatu hadi tano, mpaka ilainike na kuvunjika kwa vidole. Ioshwe, ikatwe vipande, ianikwe juani hadi ikauke kabisa, kisha itwangwe au isagwe. Hapo mtapata unga wa ugali ambao jirani zetu Wakongo wanauita bukari, na ambao pamoja na sombe na samaki wa Ziwa Nakivale ni chakula cha heshima. Majani ya sombe nayo yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda wa kutosha.

Msifupishe siku za kuloweka hata kama njaa inabisha hodi. Mahali ambapo watu walilazimika kula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri kwa majuma mengi, bila ya kitoweo chenye kujenga mwili, umetokea ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Humpata mtu ghafla, aghalabu watoto na wanawake, na miguu ikisha kukakamaa hairudi tena katika hali yake. Kwa hiyo maharagwe, samaki, karanga au mayai yaandamane na ugali wa muhogo kila inapowezekana.

Yule mama wa Nakivale ndiye aliyenieleza mambo ya kuloweka na kuanika, akiwa ameketi mbele ya mlango wake, anageuza vipande juu ya turubai. Cherehani aliinunua msimu uliofuata. Alikuja Mbarara na jirani yake, wakiwa wameshikana mikono, na baada ya kununua walipita katika kituo kile kile, wakataka kuandika maelezo juu ya burungutu. Safari hii aliyekuwa kaunta alikuwa mwingine. Alichukua kalamu, akauliza jina, akaandika.

Wiki ijayo, Mungu akitujalia uzima, tutazungumza juu ya kuhifadhi maharagwe yasiliwe na bungo. Hadi hapo, nawatakieni kheri majumbani na kazini.